Nilivyohangaika Kuchagua Vifaa vya Gari la Zuhura

Vijana mnaoendesha magari peke yenu huko milimani na porini, mmeniomba niwaandikie mtu abebe nini ili akikwama ajinasue mwenyewe. Nilikubali haraka, maana mzee aliyestaafu akiulizwa jambo la kazi yake huwa hajivungi. Kisha nikakaa na kalamu, chai ikapoa, nikagundua kwamba sijui. Msicheke. Nimeshika usukani tangu ndevu hazijanijaa, nimevuta malori kutoka kwenye mifereji na mabasi kutoka kwenye makorongo, lakini ukiniuliza mtu aliye peke yake achukue nini, kichwa kinanizunguka. Nitawaeleza tu kilichonichanganya, nanyi mtachagua wenyewe.

Mimi ni mtu wa Moshi mjini, nimekulia Njoro. Baba alikuwa fundi cherehani aliyetoka Upareni, mama ni Mchagga wa Machame aliyesilimu alipoolewa, kwa hiyo ndizi nimekula sana ila pombe ya ndizi haikuwahi kuingia nyumbani kwetu. Nilianza kazi kama utingo wa lori la kubeba kahawa, nikapanda kuwa dereva, na miaka yangu ya mwisho niliendesha gari la kuvutia magari mabovu la gereji moja mjini. Nilipostaafu nilidhani nimeachana na matope moja kwa moja.

Lakini nina kitinda mimba wangu, Zuhura. Amesomea mifugo, na kikundi kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kimempa kazi ya kuzunguka vijijini, Uru hadi Kirua Vunjo, kutibu, kupandisha ng'ombe kwa mbegu za kuhifadhiwa, na kuzalisha wanaposhindwa. Wenyeji wanamwita daktari. Alipata gari dogo la mtumba lenye foo-wili, yaani matairi yote manne yanavuta, fupi, jeupe, injini safi. Siku alipolileta aliniita uani, akafungua buti.

"Baba, nichagulie vifaa vya kujinasua," alisema. "Ila nafasi ni ndogo. Nusu ya buti ni mtungi wa mbegu, nusu ni sanduku la dawa."

"Nusu na nusu si imejaa?"

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

Akaninyooshea na funguo kabisa, kana kwamba amenikabidhi kazi na yeye amenawa mikono. Niseme wazi nilichoogopa. Nilimwona mtoto wangu amekwama mahali kusikojulikana, mvua inanyesha, simu haishiki, jeki imemponyoka, na kosa ni langu kwa sababu mimi ndiye niliyepanga lile buti. Hofu hiyo ndiyo iliyonipeleka dukani asubuhi yake, na huko dukani ndiko nilikoanza kupotea.

Duka lenyewe liko upande wa njia ya kwenda Arusha, linauza vifaa vya magari ya porini. Zamani vifaa vya kunasulia gari vilikuwa na rangi moja tu, ya kutu. Mle ndani ilikuwa rangi ya chungwa, nyekundu, kijani cha ndimu, utadhani sherehe ya watoto. Muuzaji alikuwa kijana mpole, akaniamkia shikamoo, akanivutia stuli.

"Mzee, hii ndiyo habari ya mjini," akasema, akinionyesha mkanda mnene. "Unanyumbuka, unavuta gari bila kulishtua."

"Unafungwa wapi?"

"Huku kwenye gari yako, na huku kwenye gari ya mwenzako."

"Mwenzangu yupi?"

"Anayekuvuta, mzee."

"Huyu ninayemnunulia anakwenda peke yake."

Akafikiri kidogo. "Basi winchi. Ya umeme hii, unabonyeza tu."

"Waya wake unafungwa wapi?"

"Kwenye mti."

"Na kama hakuna mti?"

"Kwenye gari ya mwenzako," akasema, kisha akajisikia mwenyewe akakuna kichwa. Tukacheka wote wawili. Nilikuwa nimevuta magari maisha yangu yote na sikuwahi kuona kwamba kila kifaa nilichokuwa nakisifu kina ncha mbili, na ncha ya pili siku zote alikuwa ameishika mtu mwingine.

Akanionyesha jeki ndefu yenye meno, ile inayoinua gari hadi kiunoni. Hiyo naijua. Ni kifaa kizuri chenye roho mbaya, mpini ukikuponyoka unaruka juu kutafuta taya. Fundi mmoja wa gereji yetu aliacha meno yake ya mbele Marangu kwa sababu ya jeki kama ile, na siku hiyo tulikuwepo wa kumpeleka hospitali. Akanionyesha mfuko unaouchomeka kwenye ekzosi, unajaa moshi, unanyanyua gari. Nikamuuliza ukikanyaga miiba inakuwaje. Akasema miiba haishauriwi. Akanionyesha vibao viwili vya plastiki vyenye meno, vya kuweka chini ya tairi, na hivyo ndivyo pekee vilivyoonekana kunielewa. Nilitoka na vibao na maswali.

Sasa niwarudishe nyuma, kwa Mzee Elinami, Mlutheri wa Kirua Vunjo, dereva aliyenifundisha kazi. Alikuwa mrefu, mkimya, anavaa koti la sufu hata jua likiwaka. Nilidhani ni baridi ya mlimani imemkaa mwilini. Kumbe koti lilikuwa kifaa cha kazi. Kila tulipovuta gari kwa kamba, alilivua akalitundika katikati ya kamba, ili ikikatika isirudi kwa kasi kumpiga mtu. Nawaambia hili kwa sababu naona kwenye simu zenu watu wakivutana huku wamesimama karibu wanapiga picha. Kamba ikikatika haichagui. Simameni mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, na mweke kitu kizito juu yake, koti, turubai, chochote.

Yeye alipenda kamba ya katani. Alisema katani inalia kabla ya kukatika, inakupa nafasi ya kuachia. Baadaye kule gereji nikamkuta bosi aliyeapa kwa mnyororo, akisema katani ni ya kufungia mbuzi. Nikafanya kazi na wote wawili, na wote wawili walikuwa sawa, na wote wawili nimewaona wakikosea. Mkiuliza mimi nipo upande gani, siku za kiangazi nipo kwa Elinami, na siku za mvua katani ikilowa na kuoza ndani bila kuonekana nahamia kwa bosi.

Kuna siku ya Kirua sitaisahau. Lori limejaa kahawa, mvua ya masika, barabara nyekundu inateleza vibaya, tairi la nyuma likaingia kwenye mfereji wa maji ya kumwagilia. Elinami akaniambia, "Katafute mgomba tuweke chini ya tairi." Mimi mtoto wa mjini nikaingia kwenye kihamba, ile bustani ya migomba na kahawa inayozunguka nyumba ya Mchagga, nikauona mgomba mnene kuliko yote, nikaukata kwa panga. Kumbe ulikuwa na mkungu mchanga. Ninyi wa huku mnajua: unaokatwa ni ule uliokwisha vunwa, ambao hata hivyo ungelishwa ng'ombe. Na si hilo tu, nikauburuta mzima mzima nikausukuma chini ya tairi. Mgomba mzima uliolowa ni sabuni. Lori lilipokanyaga lilihama upande kama limesukumwa, likakaa kwenye mfereji vizuri zaidi.

Mwenye kihamba akatoka mbio, mama mmoja amejifunga khanga kichwani.

"We wa mjini! Umekata mgomba wenye mtoto!"

Na maji ya mfereji yalikuwa yamezibwa na lori letu, kwa hiyo wenye mashamba ya chini nao wakaanza kupanda kuja kuuliza maji yao yako wapi. Nilijua tutapigwa. Badala yake walipofika wakaangalia, wakasikitika, wakaweka chini visu vyao vya kukatia majani, wakaanza kuchimba. Elinami akachukua migomba iliyokwisha vunwa, akaiponda kwa nyundo hadi ikawa nyuzi nyuzi, akaitandaza. Hiyo ndiyo namna yake: pondeni kwanza, tairi lipate nyuzi za kushika. Watu wakasukuma, yule mama mwenye mgomba nilioukata akiwa wa mbele kabisa, na lori likatoka. Kisha mama huyo akaleta kibuyu cha mbege, ile pombe ya ndizi. Nikakataa, dini yangu hairuhusu. Akanuna upya, akadhani nimekataa msamaha wake. Elinami akamweleza kwa Kichagga, mama akarudi na maziwa mgando, nikanywa yote huku ananitazama kama daktari anayemsimamia mgonjwa.

Nilikuwa nasimulia habari hiyo kama habari ya mgomba. Siku ile nilipotoka dukani ndipo niliposhtuka kwamba ni habari ya watu. Nikaanza kupekua kumbukumbu zangu nyingine, vijiji vya Mkuu, Old Moshi, Uru, mabondeni, milimani, na katika zote nilikuta umati. Injini ikilia vibaya kwenye mteremko, watu wanatoka. Hawaitwi. Nikajiambia, mzee, wewe hujawahi kukwama peke yako hata siku moja. Sasa utamfundisha nini Zuhura?

Nikaamua kujifunza. Siku yake ya mapumziko nilichukua gari nikapanda Uru, mvua za kwanza zilikuwa zimeshalainisha njia. Nikatafuta kijia chenye mtaro kando, nikaingiza matairi mawili mtaroni kwa makusudi, nikazima injini, nikashuka na beleshi langu na vibao vyangu. Sijafukua hata udongo wa kujaza ndoo, nikasikia sauti.

"Pole sana, meku, mzee wetu! Umefanyaje tena?"

Baba mmoja wa makamo alikuwa anashuka na jembe begani, na nyuma yake wengine wawili.

"Sijapatwa na kitu," nikasema. "Nimekwama kwa makusudi."

Wakaangaliana.

"Nataka nijitoe mwenyewe. Nijue kama mtu aliye peke yake anaweza."

"Lakini wewe hauko peke yako," akasema yule wa jembe, taratibu, kama anayemwelewesha mtu aliyeanguka na kugonga kichwa.

"Fanyeni kama hampo."

"Aisee, meku, hiyo haiwezekani. Shika usukani."

Wakasukuma, gari likatoka kabla sijapata hata neno la kuwazuia. Nikawashukuru, nikapanda juu zaidi, nikatafuta mahali pa upweke, nikakwama tena. Safari hii walikuja akina mama wa kwaya waliokuwa wanatoka mazoezini. Hapo nilikosa subira nikawaambia waniache. Mmoja wao akaweka mikono kiunoni.

"Kwa hiyo sisi si watu?"

Nikaingia garini, wakasukuma huku wanaimba, na nikarudi mjini na matope kwenye vibao ambavyo havikufanya kazi yoyote. Nilikuwa nimekasirika kweli, na sikujua nimemkasirikia nani. Mtu anawezaje kukasirishwa na wema?

Juma lililofuata niliteremka tambarare, huku chini kwenye mashamba ya mahindi ya watu wa mlimani, kwenye ule udongo mweusi wa mbuga. Nilimwambia Zuhura ninakokwenda, na ninyi fanyeni hivyo kila safari, semeni njia na saa ya kurudi, hicho ni kifaa nacho. Gereji walikuwa wameniazima winchi ndogo ya mkono. Nikatoka barabarani kidogo tu, nikiwa bado natafuta mahali pazuri pa kukwama, na gari likakwama lenyewe. Nikakanyaga mafuta, kosa la kila mtu, matairi yakajichimbia hadi gari likalalia tumbo. Nikazima. Hakuna sauti. Nikapiga honi, nikangoja, nikaona aibu kwamba nilikuwa nangoja.

Niliogopa, vijana. Nilikuwa nimezunguka wilaya nzima natafuta upweke, na nilipoupata sikuutaka.

Nikaanza kazi. Jeki ya kawaida ilipoinua gari yenyewe ikazama, nikakumbuka kwamba jeki inataka ubao chini yake, na ubao nilikuwa nimeuacha nyumbani. Winchi ilitaka mti, mti wa karibu ulikuwa mbali kuliko waya. Nikakumbuka ujanja niliowahi kuusikia, wa kuzika tairi la spea ardhini na kulitumia kama kisiki. Nikachimba. Udongo ule unashika beleshi kama ugali, kila ukichota unabaki na mwiko mzito. Mikono ikatoka malengelenge. Nikazika tairi, nikafunga, nikavuta, na tairi likang'oka taratibu likinijia kama muhogo. Labda sikuchimba kina cha kutosha. Labda nilichimba upande mbaya. Sijui.

Basi nikapunguza upepo kwenye matairi yote, yalalie chini yapanuke, yashike eneo kubwa. Nikachimbua mbele ya kila gurudumu mteremko mdogo wa kutokea, nikachomeka vibao. Nikajaribu, vibao vikamezwa. Nikavifukua. Nikaswali adhuhuri pembeni, nikakaa kwenye kivuli cha gari, usingizi ukanichukua. Jua lilikuwa kali mno. Nilipoamka nikajaribu tena bila matumaini, gia ndogo, mguu mwepesi, na gari likatoka kama vile halikuwahi kukwama.

Sasa niambieni ni kipi kilichonitoa. Upepo? Vibao? Beleshi? Au jua lilikausha udongo wakati mimi nakoroma? Nimeuliza mafundi, kila mmoja ananipa jibu lake kwa uhakika kabisa. Ninachokijua kwa hakika ni kosa langu la mwisho: nilipunguza upepo na pampu sikubeba. Nilirudi kwa mwendo wa konokono, na kwenye kona moja tairi likachomoka kwenye ringi yake. Mnaopenda kupunguza upepo, bebeni cha kuurudisha, pamoja na kipimo chake, maana kulipiga tairi teke ukasikiliza mlio si kipimo.

Nilivyopanga buti la Zuhura baada ya hapo, sanduku la dawa nikilihamishia kiti cha nyuma, ni hivi, na sijui kama ni sawa. Beleshi fupi la mpini imara. Vile vibao viwili. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri, na kipimo chake. Jeki yake ya kawaida na ubao mpana wa kuikalisha. Glovu za ngozi. Winchi niliirudisha gereji, bila mti wa karibu ni mzigo wa bure kwenye buti dogo kama lile. Kisha nikaweka kamba moja nene yenye pingu mbili za chuma za kuifungia kwenye ndoano ya gari.

"Kamba ya nini?" Zuhura akauliza. "Si ulisema niko peke yangu?"

"Ya watu watakaokuja."

"Na wasipokuja?"

"Basi hutaihitaji."

Alinitazama, akafunga buti. Nikampeleka uwanja wa wazi nikamfundisha kila kimoja, mahali pa kuinulia gari, ndoano ya kuvutia ilipo, na kwamba kile kijipete chembamba cha kufungia gari likisafirishwa kwenye meli siyo ndoano ya kuvutia. Alishika haraka kuliko mimi nilivyoshika kwa Elinami. Nilianza kulala vizuri.

Masika yalipopamba moto, mchana mmoja alipigiwa simu kutoka Kirua Vunjo, ng'ombe wa mama mmoja anashindwa kuzaa, miguu imetoka kichwa hakionekani. Akavaa buti za mvua akaondoka. Mvua ikaja nyuma yake, mvua ile ya mlima ambayo unaiona ikishuka kama pazia. Nilikaa kibarazani. Nikapiga simu, haipatikani. Nikaswali alasiri, nikapiga tena, haipatikani. Mke wangu akaniambia niache kuichosha simu. Nilijikuta nampangia upya buti kichwani, natoa kibao naweka mnyororo, natoa mnyororo naweka jeki ndefu, na kila nilichokitoa nilikiona ndicho alichokuwa anakihitaji wakati ule.

Alirudi kabla ya magharibi. Gari lilikuwa na vumbi lililolowa tu, siyo matope. Yeye alikuwa matope hadi mapajani. Nikafungua buti kabla hata ya kumsalimu: vibao vikavu, beleshi kavu, kamba imekunjwa vilevile nilivyoikunja. Juu yake kulikuwa na mkungu mkubwa wa ndizi.

"Hukukwama?"

"Sikuingia." Aliegemea mlango. "Ile njia ya bondeni, baba, maji yalikuwa yanapita juu yake. Kushoto korongo. Nikashuka, nikaipima kwa fimbo, nikaangalia. Nikarudi nyuma, nikaacha gari juu kwenye barabara ya changarawe, nikajitwika sanduku, nikaenda kwa miguu."

Sikuwahi, katika miaka yangu yote ya kazi, kurudi nyuma mbele ya tope. Nyuma yangu siku zote walikuwepo watu, na dereva akirudi nyuma watu wanacheka. Elinami alikuwa hivyohivyo. Njia za namna ile alizipita mara nyingi, na mara moja hakupita, lori likaenda korongoni, na akachechemea hadi alipozikwa.

"Ungeingia," nikasema, na sijui kwa nini nilisema. "Watu wangekuja kukusukuma."

"Kwa mvua ile nani angesikia injini? Nilikuwa peke yangu, baba. Hakukuwa na mtu wa kunisaidia, wala wa kunicheka."

"Na ng'ombe?"

"Mzima. Majirani walikuja tukavuta wote. Ndama hatukumuwahi. Alikuwa ameshakufa tumboni. Sijui alikufa saa ngapi. Kama ningepita na gari ningefika mapema zaidi. Labda angekuwa hai. Labda mimi ningekuwa korongoni. Sijui, baba."

Moyo wangu ulikuwa umejaa shukrani kwa Mungu hadi unauma, na papo hapo nilikuwa naihesabu ile njia ya bondeni kichwani, gia ipi, upande upi, kama mimi ningepita. Nafikiri ningepita. Sina uhakika.

"Hongera," nikasema. Kisha nikasema, "Pole."

"Ipi sasa?"

"Zote. Mimi nimeshindwa kuchagua."

Hapo ndipo alipoanza kulia, huku anacheka kidogo, anajifuta kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa na matope.

"Yule mama amenipa mkungu," akasema. "Ndama wake amekufa, na amebeba mkungu kichwani, amevuka nao maji yale ya bondeni, akapanda hadi kwenye gari. Nimemkatalia, akakasirika. Kwa nini amenipa, baba?"

Huo ndio ulikuwa wakati wangu wa kujibu kama mzee, na ninyi mnaosoma mnaungoja. Nilimkumbuka tu yule mama wa mgomba, aliyetusukuma kisha akaleta kibuyu. Nikaushika mkungu upande mmoja, yeye akashika mwingine, ulikuwa mzito kweli, tukauingiza ndani.